Kidonda kimefunga, lakini chuma kingali ndani

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama hapa Goma. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale waliobaki vijijini na kwa wafadhili wetu walio mbali.



Tuliombwa kusema juu ya usafi wa vidonda. Tutasema. Lakini tuanze na kosa letu sisi wenyewe, sisi tunaozunguka vijijini na fishi mkononi.

Kwenye fishi yetu ya kutembelea wagonjwa kulikuwa na swali moja: "Kidonda kimefunga?" Ndiyo au hapana. Ukipata ndiyo unaweka alama, dosye inafungwa, unaenda nyumba nyingine. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa mama mmoja wa upande wa Sake. Aliumizwa paja wakati wa vita, akapasuliwa, akawekewa chuma ndani ya mfupa. Kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, akarudi kwao akitembea na fimbo. Tulimfikia. Tukaona kovu zuri, kavu. Tukaandika ndiyo. Tukamwambia: "Mama, umepona."

Miezi ikapita. Katundu kadogo kakafunguka pembeni ya kovu. Kalikuwa kanatoa maji kidogo, siku zingine kanakauka. Yeye akakafunga kitambaa, akaendelea na shamba. Wiki ikawa mwezi. Siku moja homa ikamuangusha, akashindwa kukanyaga, jirani zake wakambeba. Wanganga walifungua mguu, wakausafisha zaidi ya mara moja, na mwisho wakatoa chuma. Mguu ulibaki, tunamshukuru Mungu, lakini ni mfupi kuliko mwenzake, na msimu mzima wa kulima ulimpita akiwa kitandani.

Tulipomuuliza kwa nini hakutuambia, alijibu hivi: "Niliona haya. Mulishaandika kama nimepona. Nikirudi kusema iko inatoka maji, mutasema niko natafuta tena feza. Na franka ya moto sikukuwa nayo." Mama huyu yuko hapa leo kati yetu. Ndiye aliyetuambia: "Mueleze watu, lakini jina langu muliache." Basi tunaeleza.

Vyuma tunavyovisema

Kati yetu kuna wengi wenye vyuma. Kuna chuma cha nje, kile wanachoita fiksateri: fito inayoonekana juu ya mguu, na misumari inayopita kwenye ngozi mpaka kwenye mfupa. Kuna plake na visi, zinazolala juu ya mfupa chini ya nyama. Kuna msumari mrefu unaoingizwa katikati ya mfupa wa paja au wa muundi. Wengine walivipata kwa sababu ya risasi na mabomu. Wengine ni ajali ya moto tu, au kuanguka kwenye mawe ya volkano.

Goma ni mji unaojua kazi hii. Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa na munganga wa mifupa, Jo Lusi, pamoja na mke wake Lyn. Kwenye hospitali ya CBCA Ndosho, wanganga wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, wamepasua majeruhi wa vita kwa miaka. Mnakumbuka mwisho wa Januari 2025: majeruhi walifika kwa mamia, maji na kurā za umeme vikakatika mjini, na depo ya dawa ya CICR ikaporwa. Katika hali hiyo watu walipasuliwa na wakaishi. Tunataka hilo lijulikane kabla ya kusema neno lingine. Hatuko hapa kuhukumu wanganga. Tuko hapa kwa sababu kazi waliyoianza wao inaishia mikononi mwetu, nyumbani.

Kwa nini chuma ni hatari kuliko kidonda cha kawaida

Mwili una jeshi lake, na jeshi hilo linasafiri ndani ya damu. Dawa ya antibiotiki pia inasafiri ndani ya damu. Sasa fikirini: chuma hakina damu. Kijidudu kikishika juu ya chuma, jeshi linakitafuta kwa shida, na dawa inakifikia kwa shida.

Zaidi ya hapo, vijidudu vikishakaa juu ya chuma vinajifunika. Wamama wanaoteka maji wataelewa haraka. Chukua bidoni ya njano isiyosuguliwa muda mrefu. Uingize mkono: ndani kunateleza. Suuza na maji mara tano, bado kunateleza. Mpaka utie mchanga au mawe madogo, utikise, usugue. Ule utelezi ndio nyumba ya vijidudu. Juu ya chuma wanajenga nyumba kama hiyo, na dawa ya kumeza ni kama yale maji ya kusuuza. Inapita juu. Kwa hiyo mara nyingi munganga analazimika kufungua, kusugua na kuosha, na pengine kukitoa chuma chenyewe.

Kuna jaribio la zamani ambalo wanganga hupenda kulitaja. Mwaka 1957, Uingereza, watafiti wawili, Elek na Conen, waliingiza vijidudu aina ya stafilokoki kwenye ngozi ya watu waliojitolea. Bila kitu kigeni, ilihitaji vijidudu milioni kadhaa ili usaha utokee. Walipoweka uzi wa kushonea tu, mia chache vilitosha. Uzi tu! Na sisi tuna chuma cha urefu wa mkono.

Ndiyo maana tunasema: kidonda kinaweza kufunga juu, na vita vingali vinaendelea chini. Wahesabuji wa mambo ya afya hufuatilia mtu aliyewekewa chuma kwenye mfupa kwa siku 90. Lakini ugonjwa unaweza kujionyesha baada ya hapo, hata mwaka ukiisha kupita. Fishi yetu ilikuwa inafunga dosye kwenye wiki ya sita.

Kabla ya kupasuliwa

Wengine kati yenu bado mnangoja kupasuliwa tena, au kutolewa chuma. Kuna mambo yaliyo mikononi mwenu. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo mwaka 2016 juu ya kuzuia vidonda vya upasuaji kuingia vijidudu. Tunachukua machache yanayomhusu mgonjwa mwenyewe.

La kwanza, oga vizuri na sabuni kabla ya kupasuliwa. Sabuni ya kawaida inatosha.

La pili, usijinyoe nyumbani. Hili tunalikuta mara nyingi: ndugu wanamnyoa mgonjwa na wembe usiku wa kuamkia, wakifikiri wanasaidia. Wembe unaacha mikato midogo ambayo jicho haliioni, na mule ndimo vijidudu vinapoingia. Kama nywele lazima zitoke, wataziondoa hospitalini kwa mashine ya kukata, bila wembe.

La tatu, sema ukweli. Una jipu? Jino limeoza? Una funza mguuni, au kidonda kingine? Una ugonjwa wa sukari? Unavuta sigara? Sema. Watu wanaficha wakiogopa kuahirishwa. Ni heri kuahirishwa wiki mbili kuliko kulala miezi sita. Sigara inachelewesha mfupa kushikana, kwa hiyo ikiwezekana acha kabla na uache baada.

La nne ni chakula. Mwili wenye njaa haujengi nyama. Maharagi, mayai, sambaza za ziwa letu: hiyo nayo ni dawa. Tunajua bei za soko. Tunasema hata hivyo, kwa sababu mara nyingine ndugu wanaleta soda na biskuti kitandani, na pesa ileile ingenunua sambaza.

Mambo mawili yanayoleta ugomvi

Kuna malalamiko mawili tunayoyasikia kila mahali, na yote mawili yanatoka kwenye kutoelewana.

Lalamiko la kwanza: "Waliacha kidonda wazi, hawakushona." Watu wanafikiri wamedharauliwa, au kwamba uzi ulikwisha. Hapana. Kidonda cha risasi au bomu kinaingia na udongo, vipande vya nguo, na nyama iliyokufa. Kukishona siku ileile ni kufungia mwizi ndani ya nyumba. Kanuni ya upasuaji wa vita ni kukata nyama iliyokufa, kuosha, kuacha wazi chini ya bandeji, halafu kukifunga baada ya siku nne hadi saba kama kiko safi. Kwa sababu hiyohiyo mara nyingi wanaanza na chuma cha nje au plasta, na chuma cha ndani kinangoja mpaka nyama iwe safi. Kungoja huko ndiyo kinga yenyewe.

Lalamiko la pili: "Hawakunipa dawa za kutosha." OMS inasema antibiotiki ya kukinga itolewe kabla ya kukata, ndani ya dakika 120 kabla, na isiendelezwe bure baada ya upasuaji kwisha. Kuendelea kumeza bila sababu hakukingi. Kunafundisha vijidudu kuizoea dawa. Lakini muelewe vizuri tofauti: kama una mfupa uliotoka nje, au ugonjwa umeshaingia, hiyo ni matibabu, siyo kinga. Hapo ukipewa dawa za siku fulani, maliza zote, hata kama unajisikia vizuri.

Na tafadhali, ile tabia ya kununua kapsuli mbili pale kwenye meza ya barabarani, moja unameza, nyingine unafungua na kumwaga unga juu ya kidonda: tuiache. Unga unakauka, unafanya gamba, usaha unabaki chini. Na ukimeza siku mbili ukaacha, homa inalala kidogo, munganga akipima haoni kijidudu, na ninyi mnarudi nyumbani mkifikiri hakuna kitu. Majani, majivu, mafuta ya gari, mavi ya ng'ombe: hapana, hapana, hapana. Tunawaheshimu wazee wetu na dawa zao, lakini siyo mahali ambapo chuma kinaingia kwenye mfupa.

Nyumbani, kila siku

Kwa mwenye chuma cha nje, fuata vile ulivyoonyeshwa hospitalini. Kama hukuonyeshwa, uliza kabla ya kutoka, na ndugu atakayekusaidia awepo akiangalia.

Msingi wake ni huu. Anayesafisha anaanza kwa kunawa mikono na sabuni, mpaka kwenye viganja na kati ya vidole. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Maji ya ziwa moja kwa moja, hapana. Kila msumari una kompresi yake: ukimaliza mmoja, kompresi hiyo unatupa, huiendi nayo kwenye mwingine. Ondoa uchafu taratibu, kausha, funika na kitambaa safi, kwa maana vumbi letu jeusi la volkano linaingia kila mahali. Usilegeze wala kukaza nati yoyote. Tumeona kijana aliyeazima ufunguo kwa fundi wa moto akajirekebishia mwenyewe. Mfupa ulihama.

Kwa mwenye chuma cha ndani, kazi ni kuangalia. Angalia kovu lako kila wiki, na mwombe mtu aangalie pale usipoona. Katika vitabu wanaandika "wekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa mkono: gusa upande wenye chuma, halafu gusa mguu mwingine. Upande mmoja una joto kuliko mwingine? Ngozi inang'aa, imevimba, imekaza? Hiyo ndiyo alama yako.

Alama nyingine ni hizi: maumivu yaliyokuwa yamepungua yanarudi, maji au usaha unatoka, hata kidogo, hata kwa tundu dogo kama la sindano, harufu mbaya, homa au baridi usiku, msumari wa nje unacheza ukiugusa, mguu uliokuwa unakanyaga umeanza kukataa. Ukiona moja tu, usingoje ya pili. Nenda kituo cha afya cha karibu, useme maneno haya matatu kabla ya yote: "Niko na chuma." Tuliona watu wanatibiwa malaria tu kwa sababu hawakusema.

Kumbukeni yule kijana wa chukudu wa upande wa Rutshuru. Aliona ngozi inavimba kwenye msumari mmoja wa fiksateri. Siku ya pili yake binamu yake akamlaza juu ya chukudu, akamsukuma mpaka kituoni. Walimsafisha, wakampa dawa, wakamfundisha tena namna ya kuosha. Baada ya siku chache uvimbe ulishuka. Siyo kwamba ana bahati kuliko yule mama. Tofauti yao ni siku moja kwa miezi.

Karatasi

Tunawaomba kitu kimoja kidogo. Karatasi ya hospitali, ile inayosema chuma gani, mfupa gani, tarehe gani, itieni kwenye plastiki na kuiweka pamoja na karata ya uchaguzi. Mnajua tunavyoishi: siku ya kukimbia mtu anabeba mtoto, sufuria na karata. Karatasi hii ikae hapohapo. Mwenye simu apige picha ya karatasi na picha ya radio. Munganga mwingine akiiona, anaanza kazi saa ileile, hapapasi gizani.

Tunachoomba mkutano huu

Sasa tunafika kwenye kasha letu. Mtu akifa, chama chetu kinatoa pesa ya mazishi siku hiyohiyo. Hilo ni zuri, ni heshima yetu. Lakini mtu mzima akiomba franka za moto aende kontrole, tunamwambia angoje kikao cha komite. Kutoka Sake kuja hapa ni kilomita kama 25. Kutoka Rutshuru ni kama 70. Kwa mwenye mguu mgonjwa, asiyelima, pesa hiyo ni ukuta. Tunaomba mkutano upige kura leo juu ya mambo matatu.

Kwanza, kila mwanachama mwenye chuma aandikwe, na atembelewe mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Fishi tumeshaibadilisha. Haiulizi tena "kidonda kimefunga?" peke yake. Inauliza: kuna joto? kuna maji? unakanyaga vipi kuliko mwezi uliopita?

Pili, kasha litoe pesa ya moto ya kwenda kontrole bila kungoja kikao. Msimamizi wa kijiji atoe, aandike, aeleze baadaye.

Tatu, katika kila kijiji awepo mtu mmoja mwenye simu, ambaye mgonjwa anaweza kumwambia bila haya. Siku barabara imefungwa, mtu huyo atapiga simu, na tutatafuta njia pamoja.

Kwa wafadhili wetu tunasema aksanti, tena kwa moyo. Mara nyingi mnatuuliza mtununulie nini. Jibu letu leo ni la kawaida sana: sabuni, kompresi, pesa ya picha ya radio, na nauli. Hivyo havipendezi kwenye picha, tunajua. Lakini chuma kilichowekwa kwa gharama kubwa kinapotea kwa kukosa nauli, na mkitusaidia hapo, kazi ya wale waliowapasua watu wetu haitapotea.

Na wewe mwanachama unayesikiliza huku umefunika katundu kako chini ya kitenge, ukihesabu kama tutakudharau: hatutakudharau. Tulikosea sisi kukuambia umepona mapema. Baada ya mkutano tutabaki hapa nyuma, kwenye meza ya sabuni, mpaka mtu wa mwisho. Njoo utuonyeshe. Yule mama naye atabaki. Amesema atakaa mlangoni ili mtu asione haya kuingia.